Toa Mwiba, Ingia

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mkeka!

Nani kakaa?

— Sote tumekaa!

Nani kasimama?

Mbona kimya? Nimeuliza, nani kasimama? Hamjui. Hata wale wa hadithi yangu hawakujua, na aliyesimama alikuwa mlangoni pao, wakimpita kila asubuhi. Haya, chocheeni moto, sogezeni masikio, nami niwape.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapeleka watoto wao kusoma, palikuwa na shule moja bondeni, kando ya mto. Ilikuwa na kuta za fito, paa la nyasi na mlango mmoja. Haikuwa na madawati wala viti. Ilikuwa na mkeka.

Na mkeka huo haukununuliwa popote. Mtoto alipotaka kuanza shule, mama yake alikata miyaa, yale majani ya kusukia, akaianika, akasuka ukili nyumbani kwake. Ukili mnaujua: ule mkanda mwembamba mrefu, ambao peke yake si kitu, hata paka haumtoshi. Siku ya kwanza mtoto aliupeleka shuleni, Mwalimu akaushona pamoja na kili za wenzake, na pale uliposhonwa ndipo mtoto alipokaa mpaka amalize masomo. Pundamilia walikuwa na ukili wa milia. Ngedere walikuwa na ukili wenye mafundo, maana hawatulii wakisuka. Digidigi walikuwa na ukili mwembamba kama wao wenyewe. Kila asubuhi watoto walisimama juu ya mkeka ule, wakaweka mguu mmoja kifuani, wakaimba:

Sisi sote ni mkeka mmoja,
mkeka mmoja, mkeka mmoja!

Waliimba vizuri sana. Wapita njia walisimama kusikiliza.

Mwalimu alikuwa Korongo. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye shingo iliyozoea kutazama mbali. Mambo ya mbali aliyaona vizuri mno. Yaliyokuwa karibu na miguu yake, hapo ndipo penye taabu.

Sasa ng'ambo ya mto, kwenye pango dogo, aliishi Mama Nungu, yule nungunungu, na binti yake wa kwanza, Mosi. Mama Nungu alikuwa na haya. Akisalimiwa aliitikia kwa sauti ya chini. Akikutana na watu njiani alilaza miiba yake yote, asije akamgusa mtu, akajibanza kichakani mpaka wapite. Akikanyagwa, yeye ndiye aliyesema samahani.

Mosi alipofika umri wa kusoma, Mama Nungu alikata miyaa. Akaichemsha na magome mpaka ikawa nyekundu kama udongo wa mtoni. Akasuka asubuhi, akasuka mchana, akasuka jioni, akafumua palipopinda, akasuka tena. Ulipokamilika aliukunja, akamfunga Mosi shingoni.

"Mwanangu," akasema, "hapa ndipo utakapokaa."

Mosi akavuka mto akiruka ruka, na miiba yake midogo ikilia mgongoni: chakara, chakara, chakara.

Jioni alirudi akitembea polepole.

"Umekaa wapi, mwanangu?"

"Nimekaa vizuri, mama."

Haya basi. Siku zikaenda. Siku moja Mama Nungu alikuwa anamsugua mtoto mgongo, akaona kijisehemu kitupu, hakina mwiba.

"Mosi, hapa pamefanyaje?"

"Nimekwaruzwa na kichaka, mama."

Siku nyingine akaona kijisehemu kingine, kipana kuliko cha kwanza.

"Mosi, na hapa?"

"Nimejikuna sana, mama."

Siku ya tatu akaona kidonda, kibichi, bado kina damu.

"Mosi!"

"Imeanguka yenyewe, mama. Si huwa inaanguka?"

Kweli, miiba ya nungunungu huanguka. Lakini ikianguka yenyewe haitoi damu. Mama Nungu akapaka dawa ya majani, akapuliza. Kesho yake akajitanda kanga, akavuka mto kwenda kwa Mwalimu.

Ofisi ya Mwalimu Korongo ilikuwa nyuma ya shule.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama Nungu. Sema upesi, kengele inakaribia."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani kwa kukusumbua. Mwanangu anarudi nyumbani miiba imepungua."

"Watoto wanacheza, mama. Wanakimbizana, wanaanguka, wanaamka. Ndiyo kukua."

"Na ule ukili wake, Mwalimu... umeshashonwa?"

"Uzi umekwisha. Ukipatikana, tutaushona."

Mwalimu alisema hayo huku anaandika. Alichovya kalamu yake kwenye maji ya masizi, akaandika kwenye jani la mgomba, akachovya tena. Mama Nungu hakuiona kalamu ile. Alikuwa ametazama chini kwa haya.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Akaenda zake.

Jioni ile Mosi alikuwa anaosha mabakuli mtoni na mama yake, na huku anaosha anaimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayeimba bila kujua:

Nungu, Nungu, kaa nje,
mkeka wetu usitoboke.
Toa mwiba, ingia!
Huna mwiba, rudi nje!

Bakuli likamponyoka Mama Nungu.

"Wimbo gani huo?"

"Wa shule, mama."

"Nani anauimba?"

"Wote."

"Na wewe?"

"Na mimi. Usipouimba wanasema umenuna."

Mama Nungu akamtazama mwanawe mgongo. Akaelewa. Hakulala vizuri, na mlio wa miiba yake ulisikika ndani ya pango lile mpaka jogoo wa ng'ambo akawika.

Siku hiyo palikuwa na kikao cha wazazi. Walikaa uwanjani, mbele Mama Pundamilia, mwenyekiti wao, amejipaka mafuta, milia inang'aa. Mama Nungu akakaa nyuma. Akanyoosha mkono, hakuonekana. Akanyoosha tena, akaonekana, wakampita. Akanyoosha mara ya tatu, Mama Pundamilia akasema:

"Haya, dada yetu wa kule nyuma. Kwa kifupi."

Mama Nungu akasimama.

"Miiba ya mwanangu inang'olewa. Watoto wanamng'oa."

"Aaa!" wakaguna wazazi.

"Jamani, jamani," akasema Mama Pundamilia, "tuchunge maneno. 'Kung'olewa' ni neno zito. Tuseme inapungua."

"Ipo damu," akasema Mama Nungu.

"Dada yangu, hapa hatubaguani. Hatujawahi kubaguana. Tukianza kusema tunabaguana, ndipo tutaanza kubaguana. Si kweli, wenzangu?"

"Kweli kabisa!"

Mama Ngedere akarukia. "Na mimi nina langu! Mwanangu alirudi kidole kimevimba hivi! Nani kamchoma? Mbona hilo halisemwi? Mtoto anayechoma wenzake, mama yake anakuja kulia hapa!"

"Eeeh! Hilo nalo neno!"

"Kidole chake kilikuwa kinafanya nini mgongoni kwa mwanangu?" akauliza Mama Nungu. Lakini aliuliza kwa sauti yake ile ya siku zote, na kelele zikaifunika.

Wakaunda kamati. Kwenye kamati waliingia Mama Pundamilia, Mama Ngedere na Mwalimu. Kamati ikasema itakutana mvua zikiisha. Kisha wote wakasimama, wakaweka mguu mmoja kifuani, wakaimba, sisi sote ni mkeka mmoja.

"Sawa," akasema Mama Nungu.

Akaenda zake.

Mnachoka? Msichoke. Yule mtoto hakuchoka kwenda shule.

Asubuhi iliyofuata Mosi alivuka mto. Mama Nungu naye akavuka nyuma yake, amelaza miiba, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye kichaka kilicho mbele ya mlango wa shule. Akatulia. Akatazama.

Watoto walikuja mmoja mmoja, miguu imejaa matope ya mtoni. Kila aliyefika aliipangusa miguu yake mlangoni, akaingia. Mtoto wa Pundamilia akapangusa, akaingia. Mtoto wa Swala akapangusa, akaingia. Mama Nungu akakaza macho aone wanapangusia kwenye kitu gani.

Ulikuwa ukili. Ukili mwekundu, mwekundu kama udongo wa mtoni.

Mosi akafika. Yeye hakupangusa miguu. Aliuruka ule ukili, asiukanyage, akasimama kando ya mlango. Kutoka ndani wakaanza:

Nungu, Nungu, kaa nje,
mkeka wetu usitoboke!

Akatoka mtoto wa Ngedere, mkia juu, mkono mbele.

"Lete! Na leo uwe mrefu. Wa jana ulikuwa mbovu, umenivunjikia katikati ya hesabu."

"Chukua wa nyuma," akasema Mosi, akageuka. "Wa ubavuni mama ataona."

Mtoto wa Ngedere akashika mwiba, akavuta. Mosi akafumba macho. Ndani wakaimba kwa nguvu zaidi, toa mwiba, ingia! Mwiba ukatoka, na damu kidogo. Ngedere akaupangusa kwenye nyasi, akauchonga ncha kwa meno, akaingia nao. Na Mosi akaingia nyuma yake. Mnadhani alikaa kwenye mkeka? Alikaa chini, kwenye vumbi, pale mkeka unapoishia. Mwiba mmoja kila siku, na alichonunua nao kilikuwa vumbi la ndani badala ya vumbi la nje.

Hapo Mama Nungu akainua macho. Akaona jani la mgomba mbele ya kila mtoto, na mkononi mwa kila mtoto akaona kalamu. Kalamu nyeupe yenye mapete meusi. Akaiona na ile ya Mwalimu, ndefu kuliko zote. Akaona sindano ya kushonea mkeka imechomekwa ukutani, nayo nyeupe, nayo ina mapete meusi.

Shule nzima ilikuwa inaandika kwa mgongo wa mwanawe, na mwanawe mwenyewe hana pa kukaa.

Jamani, kitu kikakatika ndani ya Mama Nungu. Sijui ni haya, sijui ni subira, mimi sikuwamo. Ila miiba yake ilisimama. Yote. Hata ile ambayo haijasimama tangu azaliwe.

CHAKARA!

Akatoka kichakani. Akauokota ule ukili, akaukung'uta matope, akajitanda nao begani. Akaingia bila hodi.

Wimbo ukakatika. Mwalimu Korongo akabaki mguu mmoja juu.

"Mama Nungu, tuko kwenye kipindi."

"Hiyo uliyoshika ni nini?"

"Hii? Kalamu."

"Ya nani?"

"Ya shule, mama."

"Nimeuliza, ya nani?"

"Vifaa hivi vinaletwa na wanafunzi wenyewe, kwa hiari..."

"Mwalimu! Nimekuuliza mara mbili, na hii ni ya tatu. Hiyo kalamu imeota kwa nani?"

Mwalimu akaitazama kalamu yake, akaigeuza huku na huku. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama kweli.

"Lete," akasema Mama Nungu.

Akaichukua. Akazunguka darasa zima, mtoto kwa mtoto, mkono kwa mkono. Lete. Na wewe lete. Wewe uliyeikalia, inuka, lete. Akaing'oa na sindano ukutani. Mtoto wa Digidigi, yule mdogo kuliko wote, hakungoja kuambiwa. Alimpa yake kwa miguu miwili, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi nilipewa na Ngedere."

"Marahaba. Hukuuliza ilikotoka?"

Digidigi akainama.

Kisha Mama Nungu akapiga magoti kwenye ncha ya mkeka. Mnajua meno ya nungunungu? Yanakata mizizi ya mti. Akaweka meno kwenye uzi wa kwanza. Kacha! Ukili wa Pundamilia ukaachana na ukili wa Swala. Kacha! Ukili wa Swala ukaachana na wa Ngedere. Kacha, kacha, kacha, akaenda nao mpaka ncha ya pili, na ule mkeka uliokuwa unaimbiwa kila asubuhi ukawa vipande, kila kipande kinajikunja chenyewe kama nyoka aliyepigwa.

"Haya," akasema, midomo imejaa uzi. "Sasa kila mtu ana ukili mmoja, kama mwanangu. Kaeni."

Watoto wakajaribu. Wakakalia kili zao. Huyu upande mmoja wa tako uko juu, upande mmoja uko kwenye vumbi. Yule akijinyoosha, ukili unajikunja. Upepo ukapiga mlangoni, ukachukua wa Swala, Swala akaufukuza, akamkanyaga Pundamilia, Pundamilia akapiga teke. Mtoto wa Ngedere akaanza kulia kwamba ameketi kwenye baridi.

"Ndiyo," akasema Mama Nungu. "Ni baridi."

Kelele zikawafikia wazazi. Wakaja mbio, Mama Pundamilia mbele, vumbi limefunika mafuta yake.

"Maskini mkeka wa watoto! Umeharibu mkeka wa watoto wetu! Una nini wewe mwanamke?"

"Nina mtoto," akasema Mama Nungu. "Mosi, njoo. Wageuzie mgongo."

Mosi hakutaka. Alitazama chini, kama mama yake alivyozoea kutazama. Mama Nungu akauona mtazamo ule, akautambua, nao ukamuuma kuliko yote.

"Wageuzie, mwanangu. Aibu si yako."

Mosi akageuka. Wazazi wakaona mgongo ulivyopigwa viraka: hapa kovu, hapa ngozi tupu, hapa damu ya asubuhi ileile. Hakuna aliyesema neno "inapungua".

Mama Pundamilia akakohoa.

"Basi, dada yangu, tusikilizane. Wewe rudisha kalamu, nasi mtoto tutampa nafasi."

"Hiyo ni bei. Sikuja sokoni."

"Basi tumtengenezee mkeka wake peke yake. Mzuri, mpya, wa rangi. Akae pale pembeni kwa raha zake."

"Pembeni anapajua. Amekaa huko tangu siku ya kwanza."

Mama Ngedere akasema, "Lakini si ukweli miiba yake inachoma? Na tena si ukweli miiba hiyo ina kazi? Tumsifu basi! Tuwaambie watoto, huyu ndiye anayetuletea kalamu, bila yeye tusingeandika. Watampenda."

Miiba ikalia tena, chakara, mpaka Mama Ngedere akapanda kwenye boriti.

"Kwa hiyo asingekuwa na kalamu mgongoni, msingempenda? Mwanangu hakuja hapa kuwafaa. Amekuja kusoma. Pundamilia ameleta nini hapa? Milia! Nani ameandika kwa milia? Ngedere ameleta nini? Kelele! Nani amemwambia alipe ndipo akae? Na kalamu, kalamu! Chungulieni mlangoni, tazameni kule mlimani. Ile ni nini?"

Wakatazama. Mlima ule ulikuwa umejaa migunga toka chini hadi juu, na migunga imejaa miiba, mirefu, myeupe, migumu, hesabu yake hakuna.

"Miiba," akasema Mwalimu Korongo, taratibu.

"Ilikuwapo jana?"

"Ilikuwapo."

"Mwaka jana?"

"Ilikuwapo."

"Lakini mgunga uko mbali, na ukiuvuta nao unakuvuta. Mwanangu alikuwa karibu, na hakuvuta."

Mama Ngedere akateremka kutoka kwenye boriti.

"Sasa unataka nini, Mama Nungu?" akauliza Mama Pundamilia. Mara hii aliuliza kweli.

"Mimi nilishasoma nikamaliza. Muulizeni mwenyewe."

Basi Mwalimu Korongo akashusha mguu wake uliokuwa juu. Akakunja goti moja, akakunja la pili, akakaa chini, kwenye vumbi, pale Mosi alipokuwa akikaa. Shingo ile ndefu ikashuka, ikashuka, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Mwanangu," akasema, "unataka nini, ee..."

Akakwama.

Tangu mtoto yule aanze shule, Mwalimu alikuwa anamwita "wewe wa mlangoni". Jina hakuwa nalo.

"Anaitwa Mosi," akasema mtoto wa Digidigi. "Alitutajia siku ya kwanza."

Mwalimu Korongo akafumba macho, kama mtu aliyevutwa unyoya.

"Mosi," akasema. "Nilikuona, Mosi, na sikukutazama. Niliandika kwa mwiba wako, nikijua vizuri hakuna mti unaozaa kalamu zenye mapete. Nisamehe, mbele ya hawa wote."

Mosi akamtazama mama yake.

"Leo sikusamehe, Mwalimu," akasema Mosi kwa sauti ndogo. "Bado kunauma. Ila nataka ukili wangu ushonwe. Katikati. Karibu na Digidigi."

"Utashonwa. Mama Nungu, tuazime basi ule mwiba wa kushonea..."

Mama Nungu akamkazia macho.

"Aah," akasema Mwalimu. "Ndiyo. Mlimani."

Wakaenda wote mlimani. Mwalimu, wazazi, watoto. Na mgunga, ndugu zangu, hauna adabu. Ukiuvuta unakuchana. Mama Pundamilia aliongezewa mlia mmoja ambao hakuzaliwa nao. Mtoto wa Ngedere alishika mwiba wake kwa pupa kama alivyozoea, ukamzama kidoleni.

"Uwi! Uwi! Inauma!"

Mosi alikuwa kando yake. "Ndiyo," akasema. "Inauma."

Ngedere akanyonya kidole, machozi yanamtoka. Akamtazama Mosi mgongo.

"Na wewe ilikuwa inakuuma?"

"Kila siku."

"Mbona hukulia?"

"Nilikuwa nalia," akasema Mosi. "Nyie mlikuwa mnaimba."

Mtoto wa Ngedere akatoa kidole mdomoni. Akarudi kwenye mgunga, akachuma mwiba wa pili, akamletea Mosi kwa mikono miwili.

"Huu wako. Wa kuandikia."

Mosi akaupokea. Hakusema ahsante, na mama yake hakumhimiza aseme.

Wakateremka, wakakaa uwanjani, wakashona. Wazazi walishona, watoto walishona, na Mwalimu akashona ule mwekundu kwa mkono wake mwenyewe, katikati, kati ya Digidigi na Ngedere. Ulikuwa na madoa ya miguu ambayo hayakutoka hata ulipooshwa. Mama Ngedere akasema ugeuzwe, upande mchafu ukae chini. Mama Nungu akasema, "Hapana. Uache hivyo. Kila atakayekaa hapa ayaone."

Na zile kalamu zote za mwanawe alizifunga kwenye kanga, akazipeleka nyumbani, akazifukia mbele ya pango. Mwiba uliong'olewa haurudi mgongoni. Ilibidi waingoje miiba mipya iote, na ilichelewa, na mahali pengine haikuota tena. Jioni alipokuwa anamsugua Mosi mgongo, Mama Nungu alizipitia zile sehemu tupu kwa kidole, na hasira ikampanda upya. Hakuizuia. Iliteremka yenyewe, kesho ikapanda tena.

Wimbo wa mlangoni ulikufa. Ila wa asubuhi ukabaki, na Mwalimu Korongo aliuongezea jambo. Wakishamaliza kuimba sisi sote ni mkeka mmoja, aliinamisha shingo yake mpaka chini, akataja kila mtoto jina, mpaka wa mwisho, ndipo akafungua somo.

Tangu siku hiyo nungunungu halazi miiba yake njiani. Hadi leo ukimsikia anapita, inalia chakara, chakara, chakara. Watu husema anatisha. Hatishi. Anauliza, nani kasimama? Nani kasimama? Nani kasimama?

Basi mafunzo ya hadithi ni haya: mtoto hakai shuleni kwa kulipa, wala kwa kuwafaa wenzake, wala kwa huruma ya mtu. Anakaa kwa sababu ni mtoto. Na wewe unayeimba umoja asubuhi, kabla hujaimba, tazama kwanza umepangusia miguu yako wapi.

Hadithi nimeisuka, ukili nimeukata hapa. Anayetaka aushone kwake, asiyetaka asiukanyage.

Nani kakaa?

— Sote tumekaa!

Nani kasimama?

— Hakuna!

Mwongo nani? Yule pale mlangoni ni nani? Msogezeeni nafasi mtoto wa watu, apate moto. Lakini aangalie, mguu huo anaotaka kuukalia ni wangu.